Picha 312 za Fungate, Mimi Nimo Kwenye 41

Mwenzenu nilihesabu. Tuliporudi kutoka fungate Lushoto, Agosti 2012, nilikaa sebuleni na kamera ya mume wangu nikabonyeza picha moja baada ya nyingine, kalamu mkononi kama karani wa sensa, maana mwezi ule ndio makarani wenyewe walikuwa wanapita majumbani. Jumla zilikuwa picha 312. Milima, maua na watoto wa watu zilikuwa 83. Magari makuukuu yalikuwa 188. Mimi, bibi harusi mwenyewe, nilikuwemo kwenye 41, na kati ya hizo kuna sita nimeonekana kiwiko tu, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa Landrover.

Asikwambie mtu, inauma. Umesuka siku nzima, umepakwa hina mpaka kiwikoni, kumbe ni hicho kiwiko peke yake kitakachoingia kwenye kumbukumbu za ndoa.

Kwa wasiomjua, mume wangu ni mtu wa benki. Mpole, hanywi, Jumapili anakunja nguo mwenyewe. Ukimtazama huwezi kudhani ana ugonjwa wowote. Lakini mpitishe mahali palipoegeshwa gari lililoundwa kabla hajazaliwa, uone. Anakanyaga breki kwanza, indiketa anawasha baadaye.

Ile Landrover ya Lushoto tuliikuta nyuma ya soko, inapakiwa kabichi na karoti. Alilala chini kifudifudi na shati lake jeupe ili apate picha ya ekseli. Mimi nimesimama na viatu vya wazi kwenye matope, dakika 50, watu wa sokoni wananitazama kwa huruma. Alipoinuka, badala ya kuomba radhi, akanieleza kwamba hii ni 109, na hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Siku ya tatu ya ndoa yangu nikawa najua urefu wa Landrover.

"Si ungeoa hiyo Landrover!" nikamwambia.

Mume mwenye busara angenyamaza. Wangu akafikiri kidogo, akajibu: "Ina matatizo ya gia boksi."

Nilinuna kuanzia Mombo hadi Chalinze.

MAHABUSU WA KUKAMATA

Taratibu nikaja kugundua kwamba hayuko peke yake. Wako kama ishirini hapa Dar, wakubwa kwa wadogo: mafundi wa gereji wawili, daktari wa meno, vijana wa kompyuta, na mama mmoja mstaafu wa posta ambaye marehemu mumewe alimwachia gari la zamani na ufunguo mmoja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wanakutana mahali kwenye nyama choma. Kila aliyesafiri anatoa picha za alichokiona njiani. Wenzao wakitoka safari wanaleta ndizi za Rungwe au vitunguu vya Singida, hawa wanaleta picha ya Bedford iliyoota nyasi. Neno lao ni "kukamata". Mtu anatuma picha kwenye simu za wenzake usiku wa manane: "Nimekamata Morris Minor Unguja!" Na wenzake wanaamka, jamani, wanaamka kweli, wanaanza kubishana ni ya mwaka gani kwa kutazama taa.

Huyo wa Unguja alikuwa amekwenda msibani. Akatoroka matanga nusu saa, akaingia vichochoro vya Mji Mkongwe, akaikuta imeegeshwa ukutani, rangi ya kijani iliyopauka. Mume wangu alinieleza kwa furaha utadhani ni habari za ndugu zetu: Morris Minor ilitoka mwaka 1948, aliyeibuni ni Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini ya mwaka 1959. Na Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza mpaka Desemba 1963, ndiyo maana ukiona gari kongwe kule, mara nyingi utakuta ni la Kiingereza. Sikatai, ilinivutia kidogo. Sikumwonyesha.

Yule mama wa posta ndiye aliyenituliza. Nilimlalamikia siku moja wakati wanaume wamezunguka boneti. Akacheka, akanishika mkono: "Mwanangu, kuna wanawake Jumamosi hawajui waume zao walipo. Wa kwako unaiona miguu yake ile pale, chini ya bampa."

Tukaandikiana mkataba, na wewe unayesoma hapa mwenye mpenzi wa aina hii nakushauri uandike wa kwako. Kusimama kwa ajili ya gari moja ni dakika kumi, simu inawekewa kengele. Kabla ya picha ya kwanza ya gari, inapigwa picha moja ya mke, mwili mzima. Siku ya kumbukumbu ya ndoa hakuna magari. Kifungu cha kwanza amekivunja mara nyingi sana. Cha pili anakitii kiasi kwamba nina picha zangu nikiwa nimenuna kwenye kila kituo cha mafuta kati ya Dar na Iringa.

VOLKSWAGEN YA MUHEZA

Hawa watu wana miiko, na mwiko mkubwa kuliko yote mume wangu aliupata kwa gharama.

Mwaka 2011, siku ya kuja kujitambulisha nyumbani kwetu Tanga, alichelewa saa mbili. Wazee wamekaa, pilau limepoa, mama yangu anachungulia dirishani kila baada ya dakika tano. Alipofika na wajomba zake, baba yangu akauliza kwa upole, "Vipi, mlipata pancha?" Mtu mwingine angesema ndiyo. Yeye akasema, "Hapana baba, kulikuwa na Volkswagen pale Muheza."

Ukimya ulioingia pale sebuleni bado naukumbuka. Baba alikuwa mhasibu kwenye mashamba ya mkonge maisha yake yote. Kwake saa ni saa. Mahari alipokea, harusi alihudhuria, lakini kwa miaka saba mkwe wake akisema "Shikamoo baba," yeye alijibu "Marahaba," na mazungumzo yakaishia hapo.

Ile Volkswagen yenyewe ilikuwa Beetle, lile gari la umbo la kobe, injini nyuma, halina maji ya rejeta kwa kuwa linapozwa na upepo. Mzee mwenye nayo alikuwa akiitumia kwenda sokoni. Mume wangu akawarushia wenzake picha, na kwa furaha akataja na kijiji na nyumba ilipo. Picha zikatoka kwa wenzake zikaenda kwa wenzao. Haikupita miezi miwili wakatokea watu na lori, wakampa yule mzee pesa kidogo, wakaondoka nayo. Mume wangu aliporudi kumsalimia, mzee akamwambia gari lilikatwa vipande likauzwa kama spea. Hakulaumu. Alimuuliza tu: "Ni zile picha zako, sivyo?"

Tangu hapo hawatumi picha yenye namba za usajili bila kuzifuta, na mahali hapatajwi mpaka mwenye gari aridhie. Kwanza unabisha hodi, unaamkia, unasifia gari, unauliza limetoka wapi, ndipo unaomba. Ukikataliwa unashukuru unaondoka. Wanasema mzee akikubali, hadithi anayokupa ina thamani kuliko picha. Na utazame nini kiko nyuma ya gari! Mwenzao mmoja alimaliza mchana mzima akijieleza kituoni kwa sababu nyuma ya lori alilolipiga picha kulikuwa na ukuta wa sehemu isiyopigwa picha.

Upigaji wenyewe una namna yake. Unapiga goti mpaka kamera ilingane na taa za mbele. Unasimama pembeni kidogo ili uso na ubavu wa gari vyote vionekane, jua la asubuhi liwe mgongoni kwako. Usikate magurudumu. Halafu dashibodi, nembo, na kile kibati chenye namba ya chasisi, hiyo ya kuhifadhi mwenyewe wala si ya kusambaza. Yote haya nayajua bila kufundishwa. Ukilala na mtu miaka mingi unaambukizwa.

NAIROBI, SEPTEMBA 2018

Alinibembeleza mwaka mzima. Nairobi kuna mashindano ya magari na pikipiki yaliyotunzwa, Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, na hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Tukapanda basi, tukapitia Namanga. Mimi nilikubali kwa sababu ya maduka, nisiwadanganye.

Uwanja ulikuwa umependeza, wanawake wamevaa kofia, watoto wanalamba aiskrimu, waamuzi wanainama mpaka chini ya gari kutafuta vumbi. Mume wangu alikuwa kama mtoto siku ya Idi. Mimi nikawa natembea zangu polepole, nikapita kwenye mstari wa magari ya Kifaransa, na hapo nikasimama.

Ilikuwa Peugeot 404. Ya kijivu.

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho mume wangu mwenyewe alikuwa hajakijua. Baba alikuwa na 404 ya kijivu. Alinunua ikiwa tayari imetumika, na sisi wote tumekulia kwenye kiti chake cha nyuma. Mwaka 2001 nilikuwa kidato cha pili, bweni. Miaka hiyo wenzangu walikuwa wanaletwa na RAV4, na Mark II zinazong'aa zilizotoka Japani juzi. Baba akanileta na 404 yetu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, godoro limefungwa juu. Getini wakanizunguka rafiki zangu. Mmoja akauliza, "Yule nani?"

Nikasema, "Dereva."

Baba alikuwa hatua mbili nyuma yangu, tranka langu begani. Alisikia. Aliliweka tranka chini taratibu, akanifutia vumbi kwenye kifuniko, akasema: "Haya dada, tumefika. Nyumbani niwasalimie?" Kisha akaingia kwenye gari akaondoka. Sikukimbia kumfuata. Nilisimama palepale mpaka moshi ukaisha.

Desemba niliporudi likizo, gari halikuwepo. Hakuna aliyesema neno, na mimi sikuuliza. Sasa fikiria binti huyo akaja kuolewa na mwanaume anayelala chini ya magari ya zamani kifudifudi kwa mapenzi. Nilikuwa najiambia nachukia kupotezewa muda.

Pale Ngong nilimwomba mume wangu kamera. Alinipa huku mdomo wazi. Nikapiga goti na gauni langu. Nikapiga vile vipembe vya nyuma vilivyochongoka kama mapezi, usukani, gia iliyoko kwenye usukani, kiti cha nyuma. Mwenye gari akanifungulia boneti akanionyesha jinsi injini ilivyolazwa upande, nyuzi 45. Picha 60 na ushee. Kengele ya dakika kumi ililia, nikaizima.

Usiku, hotelini, nikamsimulia mume wangu yote. Hakuniambia pole wala hakunihubiria. Baada ya muda akauliza, "Ilikuwa na redio?" Nikacheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki.

SEBULENI TANGA

Krismasi ya mwaka huo tulikwenda nyumbani. Zile picha tulizisafisha kwa karatasi, maana Baba simu anaitumia kwa kupiga tu. Mume wangu akaamkia, Baba akajibu "Marahaba" yake. Kisha, bila utangulizi, akamwekea bahasha mapajani.

Baba alivaa miwani. Alizitazama moja moja, anazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu, baada ya miaka saba, akamwambia mkwe wake sentensi ya pili.

"Hii ndiyo ilishinda Safari."

"Mara nne, baba," mume wangu akadakia. "Sitini na tatu, sitini na sita, sitini na saba, sitini na nane."

"Sitini na tatu walimaliza wangapi?"

"Saba. Walianza 84."

"Na sitini na nane?"

"Saba tena. Kati ya 93. Na dereva aliyeshinda ni yule yule Nowicki, na 404 tena."

Baba akamtazama juu ya miwani kwa mara ya kwanza kama binadamu. Akaanza kusimulia. Kwamba miaka miwili ya katikati mshindi alikuwa Bert Shankland, mtu wa hapahapa Dar es Salaam. Kwamba mwaka 1967 yeye alikuwa kijana wa miaka 17, magari yakapita Korogwe usiku, wakakaa kando ya barabara na blanketi kuyasubiri. Mume wangu akauliza kama alimwona Shankland. "Nani aone dereva gizani? Niliona taa na vumbi. Vumbi lenyewe lilitosha." Ndipo nikajua kwa nini mhasibu wa mkonge, mtu wa kubana matumizi kiasi kile, alikwenda kununua Peugeot iliyochoka.

Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, sijui niingie au nirudi jikoni. Baba akaniona. Akaendelea kuzungumza na mume wangu kana kwamba sipo.

"Mkeo aliwahi kuniajiri udereva. Siku moja. Mshahara sijalipwa mpaka leo."

Chupa nusura inidondoke. Nikaiweka mezani, nikapiga magoti pale kwenye zulia. Nikamwambia Baba nisamehe. Nikamuuliza nilichobeba miaka 17: "Uliuza kwa sababu yangu?"

"Niliuza kwa sababu iliunguza gasketi na ada yako ilikuwa imefika," akajibu. "Usijipe ukubwa, mama. Mimina chai."

Alijibu haraka mno. Nilimmiminia chai, mikono inatetemeka, na yeye akarudi kwenye picha, akamuuliza mkwe wake wale watu wa Nairobi spea wanazipata wapi.

KUKU WAWILI NA MATAJIRI

Februari 2019 mmoja wa wale ishirini akatuma picha ya 404 aliyoikuta upande wa Pangani, chini ya mwembe, uani kwa fundi seremala mmoja mstaafu. Namba zimefutwa, mahali hapatajwi, kama miiko yao inavyotaka. Ikabidi mume wangu aombe ruhusa kwa mwenye kupiga, naye akaomba kwa mwenye gari, na jibu likarudi baada ya wiki: njooni, lakini haliuzwi.

Tukampitia Baba Tanga. Amevaa suruali ya kaunda suti, kofia, utadhani anaenda kuchumbia. Nilijua tangu kwenye picha kwamba si gari letu. Letu lilikuwa la kijivu, hili ni jeupe lililogeuka rangi ya chai ya maziwa. Baba naye alijua. Alilizunguka mara mbili kimya, mikono nyuma, mwenye gari anamfuata. Kisha akaomba kukaa.

Akaingia nyuma ya usukani. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gia, akaipapasa bila kuitazama. Mimi nikazunguka nikafungua mlango wa nyuma, mahali pangu pa miaka yote. Kuku wawili walikuwa wanaatamia kwenye kiti, mmoja akanitolea ukali.

"Njoo mbele," Baba akasema bila kugeuka. "Nyuma wanakaa matajiri."

Nikaenda nikakaa mbele. Mume wangu alikuwa nje, ameshapiga goti, jua mgongoni, kila kitu kama wanavyofundishana. Baadaye alipoitazama picha alisononeka. Alikuwa amekata gurudumu la mbele na taa moja, kwa sababu alitusogelea sana. Hajawatumia wenzake mpaka leo, anasema watamcheka. Iko ukutani kwetu.

Baba tulimpa nakala yake kwenye fremu. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akatikisa kichwa.

"Mwambieni yule seremala," akasema, "vile vifuniko vya ringi alivyoweka si vya 404."